Kifundo cha mkono kinauma upande wa kidole kidogo, nikubali kuingizwa kamera?

Fundi_Msumeno: Wakuu habarini. Mimi ni seremala. Niliteleza nikajikinga kwa kiganja, na tangu hapo kifundo cha mkono wa kulia kinauma upande wa kidole kidogo. Nikizungusha bisibisi au nikikamua nguo kinalia "ko!" na maumivu yanapanda. Eksirei ilitoka safi. Daktari wa mifupa anahisi gegedu, ile tishu laini iliyo kati ya mifupa, imechanika, anataka kufanya athroskopi, yaani kuingiza kamera ndogo ndani ya kiungo. Waliopitia hili, nikubali?

Mama_Pwani: Pole mwanangu. Tafuta mzee anayejua kuchua, mfupa utarudi mahali pake.

Mzee_wa_Theatre: Shikamoo mama, ila hapa hakuna mfupa uliotoka mahali pake.

Mkuu, eksirei haionyeshi gegedu, kwa hiyo "safi" hiyo isikutulize. Inachoonyesha ni kama ulna, mfupa wa upande wa kidole kidogo, umezidi urefu wa mwenzake wa upande wa kidole gumba. Ukizidi, unaisaga gegedu kila siku, na huenda ukahitaji kufupishwa. Muulize daktari hilo. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, inasaidia, lakini mchaniko mdogo huweza kuipita. Kwa kamera daktari anaiona gegedu na kuigusa kwa ndoano ndogo, akajua kama imelegea, na hapo hapo anatibu. Sehemu ya katikati haifikiwi na damu, kwa hiyo anasafisha tu kingo zilizochanika. Pembeni damu ipo, pakishonwa panaunga.

Gongo_la_Mboto: Mimi nilishonwa. Vidole vilining'inizwa juu ili kiungo kiachane, matundu madogo nyuma ya kifundo, basi. Kazi iko baadaye: plasta wiki kadhaa, halafu mazoezi ya fiziotherapia, na kushika kitu kwa nguvu ni habari ya miezi. Wewe wa nyundo tafuta kwanza hela ya kula.

Fundi_Msumeno: Duh! Bila kupasuliwa haiwezekani?

Mzee_wa_Theatre: Inawezekana. Kama kiungo hakijalegea, wengi hupata nafuu kwa kufungwa kifaa cha kukituliza kifundo, dawa za maumivu, na wengine sindano. Wewe ulifungwa?

Fundi_Msumeno: Hapana, vidonge tu.

Mzee_wa_Theatre: Basi anzia hapo, ila akikupima akakuta ulna imelegea inachezacheza, usivute muda.

Fundi_Msumeno: Shukrani mkuu. Jumatatu narudi kliniki, nitaanza na hilo la urefu wa ulna.