Naombeni ushauri wakuu, kesi ya uchaguzi wa mtaa imenifuata mpaka nyumbani (Tanga)

Chaza_Mkavu (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, mtaa sitautaja mnisamehe. Ule uchaguzi wa Novemba 27 nilikuwepo kituoni toka asubuhi mpaka matokeo yanabandikwa. Sasa mgombea aliyeshindwa amefungua kesi Mahakama ya Wilaya na jina langu limo, anadai mawakala wake walitolewa nje wakati wa kuhesabu na kuna kura zilikutwa zimekunjwa pamoja. Juzi usiku wamekuja watu wawili na pikipiki mimi sipo, wakamwambia mke wangu kwa upole kabisa kwamba Kilindi kuna uhaba mkubwa wa watumishi, wakaomba maji, wakanywa, wakashukuru wakaondoka. Mke wangu ana mimba kubwa, tangu siku hiyo jua halijazama ameshafunga mlango. Swali langu ni moja tu, mtu akiitwa mahakamani akasema hakumbuki kuna shida? Maana Tume ndo inatakiwa ijibu, fomu 21C zipo, sasa mimi naingiaje hapo.

Dagaa_Mchele:
Sema hukumbuki mkuu. Nchi hii kukumbuka kumbuka ndo kunaponza watu.

BintiPangani:
Pole kaka, mpe pole na wifi. Kwanza mtoe hapo nyumbani mpeleke kwao akajifungulie huko, mengine baadaye. Hao walioomba maji hawakuwa na kiu.

Nondo_16mm:
Watanzania tuache utani, matokeo ya uchaguzi hayahojiwi mahakamani. Katiba ibara ya 41(7), Tume ikishatangaza imetangaza. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema 2020 kwamba hicho kifungu kinavunja haki, lakini mpaka leo kipo. Kesi yenu itatupwa tu, lala usingizi.

Wakili_Kijiweni:
Nondo hiyo ibara ni ya urais peke yake. Mbunge anapingwa Mahakama Kuu kila siku. Mtaa, kijiji na kitongoji ni Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na mleta uzi kasema hukohuko. Kuhusu kusema hukumbuki: kama kweli hukumbuki si kosa. Kama unakumbuka ukasema hukumbuki umedanganya chini ya kiapo, adhabu yake inafika miaka 7. Na ukiitwa kwa samansi ukaingia mitini hakimu anaweza kutoa hati ukakamatwa. Jina lako limo kama nani?

Mzee_wa_Raskazone:
Vijana mnashangaa nini. Mimi 1995 nilikuwa Temeke, tumepanga foleni toka alfajiri vifaa havionekani, mara karatasi pungufu, mara wino hakuna, mwisho uchaguzi wa Dar nzima ukafutwa ukarudiwa Novemba. Mimi sikurudia, nilikuwa nimekuja Tanga kumzika shangazi yangu mdogo, yule aliyekuwa na nyumba Barabara ya 8 ambayo mpaka leo tunagombania na watoto wa kaka yake, na hati yenyewe imepotelea kwa mtu mmoja wa Makorora. Mwanangu wewe vumilia tu.

Dagaa_Mchele:
Mzee hiyo nyumba nayo fungulieni uzi wake 😂

Ustadh_wa_Mabawa:
Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa ndugu yangu. Riziki haiko Kilindi wala Tanga, iko kwa Mwenyezi Mungu. Simama useme ulichokiona.

Chaza_Mkavu:
Nashukuru sheikh, ila wewe hukuombwa maji. Wakili, jina limo tu kama mtu aliyekuwepo. Nilikuwa nafikiria kwenda Muheza shambani kwa mjomba mpaka kesi ipite, huko hata mtandao unasumbua.

BintiPangani:
Muheza sio maficho kaka, ni mwendo wa daladala. Labda utuletee machungwa.

Mtoto_wa_Bagamoyo:
Huku kwetu Bagamoyo siku hiyo vijana walipaki bodaboda nje ya kituo toka asubuhi, hawakumgusa mtu, kazi yao kuita watu majina tu. "Mama fulani karibu, mama fulani umekuja na nani." Bibi yangu akageuza akarudi nyumbani, anasema miguu inamuuma. Miguu hiyohiyo jioni ilienda ngomani.

Kisu_Butu:
Samahanini wakuu lakini hii CHAI. Tena haina sukari. Moja, uchaguzi wa mitaa ulisimamiwa na TAMISEMI, Tume haikuhusika, mtu aliyeshinda kituoni kutwa nzima hawezi kukosea hilo. Mbili, 21C ni fomu ya diwani. 21A rais, 21B mbunge, 21C diwani. Mwenyekiti wa mtaa hana fomu hiyo. Tatu, wakala wa chama anatishiwa kuhamishiwa Kilindi na nani? Wakala anahamishwa? Hapo kwenye uhaba wa watumishi ndo umejiuza. Mods hamishieni uzi jukwaa la hadithi.

Nondo_16mm:
Duh. Kweli aisee.

Dagaa_Mchele:
Na mimi nilishamwonea huruma. Mke mwenyewe yupo kweli?

BintiPangani:
Jamani mwacheni ajibu. Kaka, wewe ni mtumishi?

Chaza_Mkavu:
Kisu Butu hujui unachoongea. 21C nimeitaja kwa mazoea, 2020 nilikuwa karani kwenye uchaguzi mkuu, hizo fomu ndo nilizozijaza. Safari hii sikusema popote kwamba nilikuwa wakala, ni nyie mmesema.

Wakili_Kijiweni:
Basi sema ulikuwa nani.

Chaza_Mkavu:
Msimamizi wa kituo.

Kisu_Butu:
😳

Wakili_Kijiweni:
Hilo ndo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza ya uzi. Wewe sio mtu aliyekuwepo, wewe ndo kituo chenyewe. Matokeo yana saini yako.

Chaza_Mkavu:
Ningeandika hivyo mngenitukana kabla hamjasoma. Mimi ni mwalimu, nina mkopo benki, nina mtoto njiani, sikuiba kura ya mtu. Tulipofungua boksi nikakuta karatasi kama kumi na tano zimekunjwa mkunjo mmoja, unazibandua kama khanga ya dukani, tiki zote zimekaa palepale na kalamu moja. Wakala mmoja akapiga kelele, akaja mtu sio wa kituo chetu akamshika mkono akamtoa, wa pili akatoka mwenyewe. Mlitaka nifanye nini, nimpige ngumi? Sasa jana nimeletewa karatasi ya kiapo imeshachapwa, inasema mawakala wote walikuwepo mpaka mwisho na kura zote zilikuwa halali. Nimeshasaini. Imebaki kwenda kwa wakili kugongwa muhuri, kesho saa tatu wananipitia. Naona ndo njia ya amani, na wengine watasaini tu, kwani mtaa mmoja unabadilisha nini wakati chama tawala kimetangazwa mitaa zaidi ya asilimia 98 nchi nzima.

Ustadh_wa_Mabawa:
Innalillahi.

Mzee_wa_Raskazone:
Mwalimu. Mimi nina mjukuu darasa la nne hapo Tanga mjini. Sina la kuongeza.

Nondo_16mm:
Mimi naona asaini tu. Tusiwe mashujaa kwa mgongo wa mtu mwenye mkopo. Hapa wote tunatumia majina ya bandia, yeye jina lake liko mahakamani.

Wakili_Kijiweni:
Mwalimu nisikilize, mahubiri waachie wenye kazi yao. Hiyo karatasi bila kuapa mbele ya kamishna wa viapo ni karatasi tu, bado hujaapa kitu. Ikigongwa muhuri inakuwa kiapo chako, na waliokuletea hawamo hata kwa herufi moja. Wale mawakala wawili watapanda kizimbani waeleze walivyotolewa, halafu hakimu asome chako. Kesho usiende. Umwa. Tafuta wakili wako mwenyewe, sio wa kupitiwa na gari. Halafu ile nakala ya matokeo uliyosaini siku ile unayo?

Chaza_Mkavu:
Ninayo kwenye simu. Ila niliyopiga picha ni ile ya mwanzo, kabla haijaandikwa upya.

Kisu_Butu:
Kabla ya nini??? Weka hapa tuione.

Wakili_Kijiweni:
USIWEKE. Futa hiyo komenti sasa hivi, njoo chemba.