POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) inabana baada ya ajali ya pikipiki, ni kawaida?

dogo_mpole: Wakuu, mdogo wangu kaanguka na pikipiki, ugoko umevunjika, jana kafungwa POP sasa usiku kucha analia maumivu, dawa hazigusi na vidole vya mguu vinakufa ganzi, ni kawaida au tumrudishe?

Kiraka: Mrudisheni SASA HIVI. Ugoko ukivunjika misuli inavimba kwa ndani, POP ikibana damu haipiti na msuli unaweza kufa ndani ya masaa machache tu. Jaribu kumnyoosha vidole taratibu, akipiga yowe ndo dalili yenyewe hiyo. Wataipasua POP, ikibidi wanamchana mguu kupunguza presha ndani ya misuli. Na mguu msiunyanyue juu sana, uwe usawa wa moyo.

mama_K: Mfupa ulitoboa ngozi? Kama ndio ulizieni antibayotiki na sindano ya pepopunda, vidonda vya barabarani vina uchafu balaa

dogo_mpole: Hapana, hakuna kidonda. Tupo njiani, kweli nikigusa dole gumba anaruka. Hivi ugoko unaunga baada ya muda gani?

Kiraka: Mara nyingi miezi 4 hadi 6, na kama anavuta sigara aache maana inachelewesha. Ila hayo baadae, mkifika semeni neno ganzi mapema wasiwaweke foleni.