Mboga ya kusindikiza sato bila ugali: naomba ushauri

Muulizaji, Nyegezi
Ndugu zangu, mama yangu ana kisukari, na daktari amemshauri apunguze vyakula vya wanga, hasa ugali wa muhogo ambao kwetu ndio chakula chenyewe. Samaki hanisumbui, kwani sato hununua Mwaloni. Shida ni mboga. Tangu mvua za vuli zianze, mchicha na chainizi vimejaa sokoni vikiwa laini kabisa, lakini kila nikipika vinatoa maji mengi, hadi mama analalamika kwamba namnywesha supu ya majani. Nifanyeje nipate mboga nyepesi na kavu, inayoweza kujaza sahani? Je, njegere na karoti zinafaa?

Mchangiaji, Igoma
Dada, mboga changa ya mvua ina maji yake tayari. Ukiitia sufuriani ikiwa bado inadondosha, ukatia chumvi mapema na kufunika, unaichemsha, hukaangi, maana chumvi huyavuta maji yatoke kwenye jani. Osha majani yakiwa mazima, yatandaze kwenye ungo hadi yakauke, ndipo uyakate. Pasha vijiko viwili vya mafuta katika kikaango kipana, tia kitunguu saumu na nyanya chungu zilizokatwa vipande vyembamba, na zikianza kuwa za kahawia pembeni ongeza hoho, kisha majani kidogo kidogo. Moto uwe mkali, usifunike, geuza kwa dakika mbili au tatu, epua yangali ya kijani, ndipo utie chumvi na ndimu. Nyanya za kawaida ziache kwanza.

Mchangiaji, Kirumba
Kuhusu njegere, gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban gramu 4 za wanga, ilhali njegere mbichi hufikia kama 14 na karoti kama 10. Zitumie kwa kunyunyizia tu. Jambo zito zaidi ni hili: ikiwa mama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muulizeni daktari kabla ya kuuondoa ugali wote kwa mkupuo, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Mchangiaji, Magu
Mimi nashangaa mgagani hautajwi. Uchemshe, umwage maji ya kwanza, kisha uungie maziwa kidogo ili uchungu upungue. Ni kweli kwamba vitamini C nyingine huondoka na maji hayo, lakini mgagani mchungu hakuna atakayeumaliza.

Muulizaji, Nyegezi
Asanteni sana. Jana nilitia majani yote kwa pamoja, maji yakarudi yaleyale. Leo nimeyagawa mara tatu, na nyanya chungu zimeshika rangi bila kurojeka. Mama amemaliza sahani nzima na nusu ya sato, kisha akauliza ugali unaletwa saa ngapi.