Mjadala: Jina la mji linapotolewa zawadi ya harusi, wenye mji waulizwe?

Mwanzisha mada, Nairobi

Wanajamvi, nina jambo ambalo limekaa moyoni tangu tarehe 19 Mei 2018. Asubuhi ya siku hiyo, kabla Mwanamfalme Harry na Meghan Markle hawajafunga ndoa katika kanisa la St George's pale Windsor, ilitangazwa kwamba Malkia Elizabeth amempa mjukuu wake cheo cha Duke wa Sussex, heshima ya juu inayobeba jina la mahali, na pamoja nacho vyeo vidogo vya Earl wa Dumbarton na Baroni wa Kilkeel. Sussex iko kusini mwa Uingereza, Dumbarton iko Uskoti, Kilkeel iko Ireland ya Kaskazini. Bi harusi aliingia kanisani Meghan Markle, akatoka Duchess wa Sussex, yaani mke wa Duke.

Kabla ya siku hiyo watu walibishana sana kuhusu jina gani litafaa. Clarence? Mwanamfalme wa mwisho kupewa jina hilo, Albert Victor, alifariki Januari 1892, majuma machache kabla ya harusi yake mwenyewe. Albany au Cumberland? Waliokuwa nayo walikuwa upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, wakavuliwa kwa sheria ya mwaka 1917. Windsor je? Hilo alipewa Edward wa Nane baada ya kuacha kiti cha ufalme Desemba 1936 ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kila jina lilipimwa kwa mikosi ya ukoo wa kifalme. Sikusikia mtu akiuliza: na watu wa mahali penyewe, wao wanasemaje?

Tazameni yaliyoipata York. Mwaka 1986 Andrew, mtoto wa Malkia Elizabeth, alipewa cheo cha Duke wa York siku ya harusi yake. Kashfa zilipomwandama, baraza la mji wa York lilikutana Aprili 2022 likamwondolea heshima ya mji iliyokuwa mikononi mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yao, wakaichukua. Lakini jina la mji wao liliendelea kutembea naye, kila gazeti likiandika "Duke wa York", hadi Oktoba 2025 Ikulu ya Buckingham ilipotangaza kuwa Mfalme Charles anamvua vyeo. Miaka mitatu na nusu wenye mji wamekwisha kusema neno lao, na neno lao halina nguvu.

Hispania ilikuwa vivyo hivyo. Cristina, binti wa Mfalme Juan Carlos, aliolewa mwaka 1997, akapewa cheo cha Duchess wa Palma de Mallorca. Mumewe alipoingia kwenye kesi ya fedha za umma, mji wa Palma ulilifuta jina la watu hao wawili kwenye barabara yake kubwa ya Rambla mwaka 2013. Cheo chenyewe kilifutwa na kaka yake, Mfalme Felipe, mwaka 2015. Mji ulitangulia, ufalme ukafuata miaka miwili baadaye.

Hapa Nairobi tuliyaona haya kwa upande wa pili. Duke of York School leo ni Lenana School. Prince of Wales School ni Nairobi School. Duke of Gloucester School ni Jamhuri High School. Kwetu jina la mtu lilibandikwa juu ya mahali, na tulipopata uhuru tulilibandua. Kule ni jina la mahali linalobandikwa juu ya mtu, na wenye mahali hawana pa kulishika walibandue.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kutangaza cheo, ikulu ipeleke barua kwa baraza lililochaguliwa na wakazi. Baraza likikataa, litafutwe jina jingine. Nakaribisha wa kunipinga.

Mchangiaji, Reading, Uingereza

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na uchungu wako nauelewa, ila hujatuambia nani ataulizwa. Kwa York ni rahisi, ni mji mmoja wenye baraza moja. Sussex je? Kuna Sussex Mashariki, kuna Sussex Magharibi, kuna Brighton na Hove wenye baraza lao. Mashariki wakikubali na Magharibi wakakataa, maharusi waitwe nani?

Halafu cheo hiki hakimpi mtu shamba wala kodi wala sauti juu ya watu wa Sussex. Mimi naona ni zawadi ya bibi kwa mjukuu. Ukiipeleka kwenye baraza itakuwa siasa: chama kimoja kitaunga mkono, kingine kitapinga, na wale vijana wawili waliotaka kuoana tu watajadiliwa kama bajeti ya barabara. Hilo silitaki kwa binti yeyote anayeolewa.

Mchangiaji, Mombasa

Shikamooni wakubwa. Mnazungumzia mji, mimi namtazama mwanamke. Cheo hiki cha Sussex kiliwahi kutolewa mwaka 1801 kwa Augustus Frederick, mtoto wa Mfalme George wa Tatu. Mwanamfalme huyo alifunga ndoa mbili, zote mbili bila idhini ya mfalme, basi kwa sheria yao hazikuhesabika. Wa kwanza, Augusta Murray, ndoa yake ilibatilishwa. Wa pili, Cecilia Underwood, aliishi naye miaka bila kuitwa Duchess wa Sussex hata siku moja, mpaka Malkia Victoria akamhurumia mwaka 1840 na kumpa cheo chake mwenyewe, Duchess wa Inverness. Ndiyo maana Meghan alikuwa wa kwanza kabisa kuitwa Duchess wa Sussex, miaka zaidi ya 200 baada ya cheo kuzaliwa.

Na mume akiwa ndiye anayeoa ndani ya ufalme? Oktoba 2018, katika kanisa lilelile la Windsor, Eugenie, binti wa Andrew, aliolewa na Jack Brooksbank. Bwana huyo hakupewa kitu. Sweden walifanya tofauti: Daniel alipomwoa Victoria, binti wa mfalme wao, mwaka 2010 alipata cheo cha Duke wa Västergötland. Kabla hatujauliza baraza, tuulize kwa nini heshima ifuate mume tu.

Mwanzisha mada, Nairobi

Marahaba, dada yangu. Habari ya Cecilia sikuwa nayo, na imenigusa. Naona inaingia kwenye hoja yangu badala ya kuipinga: mama yule naye alinyimwa jina na watu ambao hawakumuuliza.

Ndugu wa Reading, kuhusu Sussex umenibana kweli. Jibu langu ni kwamba jina ambalo wenyewe hawawezi kukubaliana juu yake lisitolewe. Visiwa vile vya Uingereza vina miji mingi. Na usemapo cheo hakimpi mtu kitu, mbona wakazi wa Brighton walipeleka ombi kwa baraza lao wakitaka lisitumie cheo hicho? Kitu kisicho na uzito hakipelekewi saini.

Siasa uliyoihofia naikubali, itakuwepo. Ila bora ije kabla ya harusi, wakati bado barua inaweza kuandikwa upya, kuliko ije kama ilivyowajia York. Wewe uko karibu nao kuliko sisi. Waliokuzunguka, wenye mizizi Sussex, asubuhi ile ya Mei walilipokeaje jina la kwao lilipotajwa?