Familia ya Bi Mwanaidi

Jumanne

[06:12] Dada Rehema: Asalaam aleikum. Majibu ya Mama ya kipimo cha damu kuganda: INR 2.1. Mwezi uliopita ilikuwa 3.1. Alhamisi anapimwa tena Tanga mjini. Nani anampeleka? Nataka jina, sitaki "inshallah".

[06:44] Dada Rehema: Naona mmesoma watu tisa.

[07:55] Zawadi: Waaleikum salaam dada, nipo kwenye daladala. Kushuka si vizuri? Mama Sele alisema 3.1 imepitiliza.

[08:01] Dada Rehema: Hapo ndipo tulipoharibu. Mama Sele aliganda damu mguuni, kiwango chake ni 2 mpaka 3. Mama ana valvu ya chuma, ya mitrali, ameandikiwa 2.5 mpaka 3.5. Ipo kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu. 3.1 ilikuwa mahali pake kabisa! Mtu asiyetumia warfarini, hii dawa ya Mama ya kuzuia damu isigande, anasoma kama 1. Sasa kwa 2.1 damu ya Mama inawahi kuganda, na chuma kiko moyoni.

[08:03] Abdallah: Warfarini si ndiyo dawa ya panya? 😂 Shangazi na panya wa darini wanagawana dozi

[08:04] Zawadi: 😂😂

[08:06] Abdallah: Ndiyo maana panya wa pale hawafi, wameshiba kisamvu

[08:10] Dada Rehema: Ilianza kweli kama dawa ya panya, 1948. Binadamu wakaanza kuandikiwa 1954. Haya, tumecheka. Alhamisi nani?

[08:12] Zawadi: Basi kama kisamvu kinashusha namba apigwe marufuku

[08:15] Dada Rehema: Asipigwe marufuku. Ale kiasi kilekile alichozoea, dozi imepangwa pamoja na chakula chake. Mkimwachisha mboga ghafla namba inapaa.

[12:47] Kaka Juma: Nimeona sasa hivi. Toka 2.1 hadi 2.5 ni 0.4 tu, mnatutisha. Na siku hizi kuna vidonge vipya visivyotaka kupima kila mwezi. Ahamishiwe.

[12:52] Dada Rehema: Kaka, vile haviwafai wenye valvu ya chuma. Kimojawapo kilijaribiwa kwao, utafiti ukakatizwa, maana waliomeza waliganda na kuvuja damu kuliko wa warfarini. Na hiyo 0.4 yako inatosha bonge kujijenga kwenye valvu. Likichomoka linakwenda kichwani, Mama anapooza.

[13:05] Kaka Juma: Sawa daktari. Gari langu liko gereji. Nauli mara ya mwisho nilitoa mimi. Aliyebaki na hela ya minazi atoe.

[13:06] Dada Rehema: Minazi tena?

[13:06] Kaka Juma: Tena. Hesabu yake sijaiona mpaka leo.

[13:09] Zawadi: Jamani si hapa

[16:20] Saidi: Shikamooni. Nilikuwa shamba. Mama jino linamsumbua tangu Jumapili. Dukani wamempa Flagyl na diklofenaki.

[16:21] Dada Rehema: Saidi!! Ameshameza?

[16:29] Saidi: Tangu jana

[16:31] Dada Rehema: Flagyl inapandisha INR. Diklofenaki inachubua tumbo, na juu ya warfarini anaweza kutoka damu ndani tusijue. Iweke kando sasa hivi. Maumivu, Panado tu, isizidi. Jino lisiguswe kabla anayeling'oa hajaona kadi.

[16:40] Abdallah: Mi nina dawa ya jino ya kienyeji

[16:40] Dada Rehema: Abdallah hapana.

[18:05] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Mama Sele msimsingizie. Mwanaidi amenieleza mwenyewe Ijumaa. Vidonge anavikata nusu ili vifike siku mnayotuma fedha. Haombi, kwa sababu akiomba mnaanza kuhesabiana minazi. Minazi ile niliiuza mimi. Fedha yake iliingia kwenye kile kifua.

[19:31] Zawadi: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

[19:33] Baba Mkubwa: Marahaba.

[20:11] Kaka Juma: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimetuma elfu hamsini kwa Saidi.

[20:14] Dada Rehema: Ahsante kaka. Saidi, kesho asubuhi mpigie nesi wa kliniki, usingoje Alhamisi. Mwambie habari ya nusu nusu NA ya Flagyl, moja inashusha na nyingine inapandisha. Yeye ndiye aseme Mama ameze kiasi gani. Asije akafidia kwa kumeza viwili viwili.

[20:20] Saidi: Sawa dada

[20:21] Dada Rehema: Ile saa ya Bibi inasikika?

[20:26] Saidi: Niko naye. Inagonga. Ila redio iko juu

[20:26] Dada Rehema: Zima redio usikilize. Mlio wa valvu ukififia, au akikosa pumzi, au mdomo ukipinda, au choo kikawa cheusi, hospitali usiku huuhuu.

[20:33] Saidi: Inagonga vizuri. Anauliza kwa nini nimezima redio

[20:35] Dada Rehema: Mwambie nampenda. Alhamisi nani sasa?

[21:50] Abdallah: Pikipiki ninayo ila Shangazi hapandi

[22:04] Zawadi: Labda mimi, nikipewa ruhusa kazini. Nitasema kesho

[22:05] Dada Rehema: Kesho saa ngapi?

[23:58] Mjomba Kassim: Waaleikum salaam. Alhamisi hii au ijayo?