Ripoti ya kidole tumbo imekuja na "NET gredi 1", hii ni kansa au siyo?

tandale_juu
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana tangu juzi usingizi umekata. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, mwezi uliopita alishikwa na tumbo usiku tukamkimbiza hospitali, wakasema kidole tumbo, wakamfungua wakakitoa, baada ya siku 3 yuko nyumbani anakula ugali wake kama kawaida. Sisi tukajua yameisha. Kile kidole tumbo wakanipa mimi nikipeleke maabara, nikakibeba kwenye kikopo ndani ya mfuko mweusi, nikapanda nacho daladala, hata sikuwaza kama nimebeba kitu cha maana.

Sasa majibu yametoka: uvimbe wa nyuroendokrini, NET, gredi 1, ukubwa sentimita 0.8, kwenye ncha ya kidole tumbo, pale walipokatia pako safi. Daktari niliyemkuta zamu kasoma kaniambia "ni aina ya kansa lakini siyo kansa sana", kabla sijauliza kitu akaitwa wodini. Kansa siyo sana ndiyo ikoje jamani? Nimegoogle nikakutana na Steve Jobs, yule mwanzilishi wa Apple, nikafunga simu. Halafu kuna sehemu imeandikwa Ki-67, mbele yake "haijafanyika". Bi mkubwa sijamwambia chochote mpaka nielewe mwenyewe.

slaidi_na_nta
Pole sana mkuu, na mpe pole mdogo wako. Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia mwaka wa 11 sasa, siyo daktari, kwa hiyo matibabu nawaachia wenyewe, ila hicho kikopo ulichobeba nakijua kilipitia wapi.

Kikifika kwetu kinakuwa kimelala kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, tunakikata vipande, vinaingia kwenye vikasha vidogo vya plastiki ambavyo namba yake tunaandika kwa penseli maana wino wa kalamu unafutika kwenye dawa za njiani. Kesho yake kinazamishwa kwenye nta ya moto ikiganda inakuwa bloku, hiyo ndiyo tunaikata kwa mashine vipande vyembamba mno, mikroni 3 au 4, kinaelea juu ya maji ya vuguvugu kama utando wa maziwa, unakinasa na kioo taratibu, kikikunja umeharibu unaanza upya. Tunapaka rangi ya pinki na zambarau ndio daktari wa patholojia anaangalia. NET, yaani uvimbe unaoota kwenye seli zinazotengeneza homoni, hata mimi nimezoea kuitambua, seli zinakaa kwenye vishada zimefanana zote kama watoto wa shule mstarini, na ndani ya kiini pana vidoti kama mtu kanyunyizia chumvi na pilipili manga, na madaktari wenyewe wanaiita hivyohivyo.

Sasa Ki-67 ni rangi nyingine, inapaka kahawia zile seli ambazo ziko kwenye mzunguko wa kujigawa, zingine zinabaki bluu. Daktari anatafuta pale palipojaa kahawia zaidi anahesabu seli zisizopungua 500, wengine wanapiga picha wanaichapa kwenye karatasi wanatiki seli moja moja kwa kalamu. Seli za kahawia zikiwa chini ya 3% ni gredi 1, kuanzia 3 mpaka 20 ni gredi 2, ikizidi 20 ni gredi 3. Piga hesabu mwenyewe, kwenye seli 500 ile 3% ni seli 15 tu. Ndio maana kuhesabu kwa macho ya haraka haraka hakufai.

Kama kwenu hawakufanya Ki-67 basi hiyo gredi 1 wameitoa kwa kuhesabu seli zilizokamatwa zikijigawa kwenye rangi ya kawaida, siyo kosa, ila ni nusu ya kazi, maana vipimo hivyo viwili vikitofautiana inachukuliwa gredi ya juu. Bloku ya mdogo wako ipo, hatutupi. Nenda kaombe wapake Ki-67, au kama hawana hiyo dawa wakupe bloku upeleke wanakofanya, haihitaji kumkata tena mgonjwa hata kidogo.

daktari_mwanafunzi
Fundi kaeleza vizuri sana, mimi niko mafunzoni patholojia nataka nijibu hilo la "kansa siyo sana" maana limenigusa. Hayo maneno yana zaidi ya miaka 100. Mwaka 1907 kulikuwa na mwanapatholojia kule Munich, Ujerumani, anaitwa Siegfried Oberndorfer, akakusanya wagonjwa 6 waliokuwa na vivimbe vidogo vidogo kwenye utumbo mwembamba, kwa hadubini vinaonekana kama kansa lakini havikui kwa fujo, havijasambaa, akaviita "karzinoide", yaani vinavyofanana na kansa. Jina likashika dunia nzima na pamoja na jina ikashika ile imani kwamba havina neno.

Ninachomheshimu zaidi mimi ni kilichofuata. Aliendelea kuangalia, mwaka 1929 akaandika mwenyewe kwamba hivi vivimbe vingine vinageuka vibaya na vinasambaa. Mtu umejenga jina lako kwa kitu halafu unarudi kukisahihisha hadharani, siyo wengi. Mwaka 1933 wanazi wakamfukuza kazi kwa sababu ni Myahudi akahamia Istanbul, akafundisha patholojia chuo kikuu pale mpaka alipofariki 1944.

Kwa hiyo daktari wa zamu hakukudanganya, ila kakupa jibu la 1907. Siku hizi NET yoyote tunaichukulia kwamba ina uwezo wa kuwa mbaya, swali ni kwa kiasi gani, na jibu linatoka kwenye mambo matatu: imeota wapi, ina ukubwa gani, na gredi. Ya kidole tumbo mara nyingi inagunduliwa kwa bahati hivihivi, mtu kaenda na maumivu ya kawaida. Ikiwa chini ya sentimita 1 na imetolewa yote, kwa kawaida kile kidole tumbo kukitoa ndiyo tiba yenyewe. Ikizidi 2 ndipo upasuaji mkubwa wa utumbo upande wa kulia unazungumzwa, hapo katikati ya 1 na 2 wanaangalia imezama kiasi gani na kama imeingia kwenye mishipa. Ya mdogo wako ni 0.8 na pembeni safi, mimi ningekuwa wewe ningelala. Lakini Ki-67 ifanyike, na ripoti ioneshwe kwa daktari wa upasuaji akae chini aisome.

Steve Jobs yake ilikuwa ya kongosho, iligunduliwa 2003, alifariki 2011. Usilinganishe kabisa, kongosho ni habari nyingine.

Binti_Kisauni
Pole ndugu yangu. Naandika toka Mombasa, hii kitu tangu ijulikane imekaa kwetu nyumbani mwaka wa nne. Mamangu alianza na kuharisha, mara 6, 7 kwa siku, na joto linampanda ghafla shingoni mpaka usoni. Sisi watu weusi ule wekundu ambao vitabu vinasema hauonekani, yeye alikuwa tu anafungua mtandio anajipepea, anatota jasho. Tukaambiwa vidonda vya tumbo, tukaambiwa ni umri wa kukoma hedhi, tukaambiwa amiba. Miaka 3. Alipokuja kupigwa picha ini limejaa vivimbe, wakachukua kinyama, ripoti ya kwanza ikasema kansa ya kawaida haijulikani ilikotoka na tukaambiwa tumpeleke nyumbani tukamtunze.

Kakangu akakataa. Akachukua bloku ile ile mkononi akaipeleka kwa patholojisti mwengine, huyo akaongeza rangi mbili za kutambua NET, kromogranini na sinaptofisini, zote zikashika. Ikawa NET iliyotoka kwenye utumbo mwembamba, gredi 2. Nyama ni ile ile jamani, hakuna kilichobadilika ila macho na rangi. Yule daktari hatujawahi kumuona sura, tuna saini yake tu, na kila Ramadhani mamangu humuombea dua.

Sasa anachomwa sindano ya oktreotaidi, ya kuzuia homoni za huo uvimbe, kila mwezi, kuharisha kumepungua sana, anaenda sokoni mwenyewe. Gharama ni mzigo sisemi uongo.

Kitu kimoja, wakimwambia mdogo wako apime mkojo wa saa 24, huo wa kutafuta mabaki ya serotonini, homoni ambayo baadhi ya vivimbe hivi huimwaga, muulize kwanza daktari vyakula vya kuacha. Mamangu kipimo cha kwanza kilivurugika kwa sababu ndizi mbivu na nanasi haviishi nyumbani kwetu na hakuna aliyetuambia. Na kipimo cha damu cha kromogranini, hizi omeprazo za kupunguza asidi ya tumbo tunazomeza kama peremende hukipandisha bila sababu, kwa hiyo waambie dawa zote anazotumia.

tandale_juu
Dada Binti Kisauni Mungu amuweke mama. Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimempigia mdogo wangu nikamsomea, ameuliza maswali mazuri kuliko mimi. Leo asubuhi nimeenda maabara, bloku ipo kweli, ni kitu kidogo kama biskuti, nta nyeupe na kipande cha kahawia katikati, nimesaini kwenye daftari wakanipa na slaidi zake. Ki-67 wao dawa imeisha, kwa hiyo naipeleka kwingine kesho. Jioni namwambia bi mkubwa. Fundi, kuna namna maalumu ya kuibeba?

slaidi_na_nta
Safi sana mkuu. Hakikisha namba ya kwenye kikasha inafanana na ya kwenye ripoti, herufi kwa herufi, kabla hujaondoka hapo. Slaidi zifunge kwa karatasi laini weka kwenye boksi gumu maana ni vioo. Bloku iweke kwenye bahasha begani kwako, isikae juani, na kama unaenda kwa gari usiiache kwenye dashibodi, jua la Dar mchana linalainisha nta na tukiiganda upya wakati mwingine tunapoteza kipande. Ukifika waambie Ki-67, na waombe waandike asilimia yenyewe, wasiishie kuandika gredi tu. Ikitoka irushe hapa.