(Mjadala wa Januari 2025) Switch 2 imetangazwa: tuanze kudunduliza au tuachane nayo?

Chalii_wa_Sakina
Wakuu mmeiona video ya Nintendo ya Januari 16? Switch 2, mashine yao mpya ya gemu, ni rasmi sasa, sio uvumi tena. Skrini imekua, zile Joy-Con, vishikio vya kuchezea vya pembeni, zinanasa kwa sumaku, habari ya kuchomeka kwenye reli imeisha, tundu la pili la USB-C limewekwa juu, na kuna kitufe kipya kimeandikwa C ambacho hawajasema ni cha nini. Kuna sehemu Joy-Con zinateleza mezani kama mausi ya kompyuta, hapo ndo mimi nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Bei kimya, mpaka Aprili 2 ndo watafunguka. Mimi nabashiri dola 400, yaani kwa dola ya sasa milioni moja hivi, na hapo hujalipa usafiri wala hujakutana na VAT ya asilimia 18. Swali: mtu wa Arusha au Moshi aanze kudunduliza sasa hivi au aache mwaka upite kwanza?

Mama_Wawili
400 unaota kaka. Ya kwanza ilitoka kwa 300 mwaka 2016, na tangu hapo nionyeshe kitu kilichoshuka bei. Mimi nauliza moja tu, zile kadi za gemu za wanangu zitaingia kwenye hii mpya? Nimezinunua mojamoja kila Krismasi, sitaki kusikia habari za kuanza upya.

Kibo_Mlangoni
2017 dada, Machi 3. 2016 ndo walitangaza. Ila kwenye bei tuko pamoja, ile Switch ya OLED, yenye skrini bora, ya 2021 yenyewe ilitoka kwa 350, sasa hii mpya kubwa iwe 400 kwa huruma ya nani? Andika 450. Kadi zako wamesema zitaingia, ila kuna gemu chache zitagoma na hawajazitaja.

Babu_wa_Kaloleni
Milioni na ushee ili umwendeshe Mario kwenye kigari. Mpira upo humo? eFootball haijawahi kuingia Switch, na FIFA mkauziwa gemu ileile miaka minne wanabadilisha jezi na majina wanaiita Legacy Edition, mkanyamaza. Pale Ngarenaro banda lenye PS3 mbili na tivii za chogo linasomesha watoto. Nionyesheni banda la Switch linalomsomesha nani.

Chalii_wa_Sakina
Babu hatuongelei biashara, hiki ni kidude cha mkononi, umeme ukikata wewe na PS3 yako mnabaki kuangaliana. Na hayo ya jezi yaliisha, kuanzia FC 24, yaani FIFA iliyobadilishwa jina, walileta gemu mpya kabisa. Ila niwape angalizo wana Moshi: stiki, vile vijiti vya kusukumia vya Joy-Con, zikianza kutembea zenyewe mjue mnapanda Kosta mnakuja kwetu, huko fundi wenu mwenye uwezo ni yule wa redio na pasi.

Kibo_Mlangoni
Mada yako nzuri umeiharibu kwa mdomo wako mwenyewe. Moshi hakuna fundi? Joy-Con ya kushoto ya mdogo wangu ilikuwa inakokota mtu pembeni hata hujaigusa, nikampelekea kijana mmoja pale karibu na Mbuyuni, ana meza ya simu, mwavuli na taa ya kichwani, basi. Akatoa bisibisi ya zile skurubu zenye mdomo wa Y maana Nintendo hawatumii za kawaida, akafungua, akakata kipande cha kadi ya vocha, akakilaza mgongoni mwa stiki ili mfuniko ukirudi uibane, akafunga. Mimi nimesimama hapohapo na soda sijaimaliza. Mwaka umepita dogo anacheza. Sasa wa Arusha angeongeza nini hapo, kunipigia hesabu kwa dola akidhani nimekuja safari?

Babu_wa_Kaloleni
Hahahaha hesabu kwa dola. Hiyo imeingia.

Chalii_wa_Sakina
Kadi ya vocha? Huo sio ufundi huo. Hata mimi mlango wa kabati langu nimeuwekea karatasi, sijawahi kujiita seremala.

Fundi_Levolosi
Naomba niingie maana hii kazi ndo inanilisha. Kadi inasaidia kweli ila haijatibu, imeahirisha. Ndani ya ile stiki kuna njia nyembamba ya kaboni na kijichuma kinachosugua juu yake kila ukisukuma. Kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo, mgusano unalegea, mashine inaona umesukuma wakati mkono uko mfukoni. Ukiibana kwa nyuma mgusano unarudi. Ukipuliza dawa ya kusafishia unakaa wiki kadhaa unarudi kwangu. Tiba ni kubadilisha stiki nzima, na hapo kazi sio skurubu, kazi ni kile kilimi kinachoshika utepe, kidogo kuliko punje ya mchele, ukikivunja umeua Joy-Con. Nimeletewa nyingi zenye kilimi kimevunjika na nyingi zinatoka huko huko mnakokusifia.

Kibo_Mlangoni
"Huko huko." Ulianza kama mtaalamu ukamalizia kama kijiweni. Umehesabu lini? Mtu akija na Joy-Con mbovu unamuuliza kwanza kitambulisho cha mkazi?

Fundi_Levolosi
Wanajitaja wenyewe kwa kuomba kupunguziwa. Mangi ataanza bei chini, atasema nimetoka mbali, mwisho ataomba na nauli.

Kibo_Mlangoni
Kabila limeingiaje kwenye stiki? Jibu hoja. Kijana wangu ametengeneza bila kuvunja chochote na ametoza elfu tano. Wewe unatoza ngapi? Taja hapa watu waone.

Neema_Kijenge
Jamani si wamesema sumaku sasa? Kwa hiyo hilo tatizo la stiki limekufa, mbona mnagombania marehemu.

Fundi_Levolosi
Sumaku zile dada ni za kushikia Joy-Con kwenye mwili wa mashine. Stiki ya sumaku ni kitu kingine kabisa, hiyo ndo isiyosugua, na zinauzwa za makampuni mengine unabadilisha mwenyewe. Nintendo kwenye ile video hawajagusia stiki hata kidogo. Na hawa wanajua fika: Marekani tangu 2019 wanatengeneza bure, 2020 bosi wao Furukawa akaomba radhi kabisa. Wakirudia zilezile kwenye Switch 2, mzungu anaposti inarudi nzima. Wewe wa Kijenge unaposti wapi?

Neema_Kijenge
Sawa nimekuelewa ila ungejibu bila "wewe wa Kijenge".

Hapa_na_Pale
Mnachekesha nyie. Nintendo wameshatoa miji watakayoitembeza watu waishike mkononi, New York, Paris, London, Berlin, Tokyo na mingine, Afrika hata mji mmoja haumo. Duka lao la mtandaoni Tanzania halipo, lipo Afrika Kusini, sisi wote hapa tunaishi kwa akaunti za Marekani na kadi za zawadi tunazouziwa kwa bei ya kulanguliwa. Halafu nyie mnagawana Levolosi na Mbuyuni. Hao Nintendo wakiambiwa kuna Moshi watadhani kuna kitu kinaungua.

Babu_wa_Kaloleni
Ndo maana nasema PS3.

Chalii_wa_Sakina
Babu PS3 hawatoi gemu mpya tangu lini. Haya turudi. Jina mmelionaje? Mimi naona wamekosa ubunifu, kuweka 2 tu.

Kibo_Mlangoni
Bora hivyo. Mashine yao ya Wii U ya 2012 watu walidhani ni kikorokoro cha kuongezea kwenye Wii, ikaishia milioni 13 na kitu, wakati Switch imepita 140. Mtoto akiona 2 anajua ni mpya. Lakini fundi bado hajataja bei yake.

Fundi_Levolosi
Elfu ishirini na tano na stiki mpya juu yangu, na nakupa mwezi mzima ikisumbua unarudi. Elfu tano ni bei ya kadi ya vocha.

Kibo_Mlangoni
Na iliyotumika, maana.

Mama_Wawili
Anayejua gemu zipi zitagoma aniambie tafadhali, nyie endeleeni na vocha.

Hapa_na_Pale
Dada hakuna anayejua, orodha haijatoka. Ila za kawaida kama Mario Kart 8 nitashangaa wakiziacha, ndo zilizowatajirisha. Ushauri wangu usiuze ya zamani mpaka Aprili ipite.

Dogo_wa_Majengo
Samahani wakubwa, mimi ndo kwanza nauza. OLED nyeupe, boksi lipo, gemu mbili, kioo hakina hata mchubuko. Laki nane na nusu. Nipo Moshi ila Jumamosi naweza kufika Arusha.

Chalii_wa_Sakina
Laki nane na nusu wakati mpya yake imeshatangazwa? Laki tano, na soda.

Dogo_wa_Majengo
Kaka laki tano ni kama umenikaba. Saba na nusu mwisho.

Mama_Wawili
Dogo njoo inbox, nina sita taslimu. Wanangu wanagombania moja kila siku. Hiyo stiki ikoje?

Dogo_wa_Majengo
Nzima mama. Ya kulia kuna wakati inazingua kidogo tu ila ukiipuliza inakaa sawa.

Fundi_Levolosi
Mama usitume hela. Dogo ingia kwenye mipangilio, fungua pale pa kupimia stiki, achia mkono, chukua video tuone kile kialama kinatulia katikati au kinahama.

Dogo_wa_Majengo
Chaji imeisha, nitawatumia kesho.

Kibo_Mlangoni
Dogo nifuate mimi kabla hujaenda Arusha na hiyo kitu.